Kazi yangu ni kuitikia

Nilianza na sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani, na mpaka leo wimbo wowote ukipigwa sikio langu linakimbilia hapo katikati. Mwaka 2009 bendi moja ya dansi hapa Dar ilitaka dada wa kuitikia. Nikaenda mazoezini Kinondoni nikijiamini, maana kanisani nilikuwa mtu wa kupandisha sauti mpaka watu wanageuka. Wiki ya pili kiongozi wa bendi akasimamisha magitaa yote. "Mdogo wangu, nakusikia." Nikamwambia asante kaka. Wenzangu wakacheka, kumbe nilikuwa nagombezwa.

Kiitikio cha watu watatu kinatakiwa kisikike kama mtu mmoja mwenye koo pana. Na Kiswahili kina mtihani wake hapa: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Ukiimba "nakupenda", ile "a" ya mwisho ndiyo inayobaki hewani. Mmoja akiifungulia mdomo wote, mwingine akaibana puani, hata noti zikiwa sahihi mnasikika kama mnagombea maji bombani. Tulikuwa tunamaliza asubuhi nzima kwenye irabu moja, tunatazamana midomo. Dada aliyenitangulia ndiye aliyeshika mkato: akishusha kidole, wote tunakata. Pumzi nazo tunapokezana. Kwenye mstari mrefu mmoja anaiba hewa wakati wawili wameshikilia, na shabiki hajui. Hayo sikufundishwa kwenye kwaya ya watu 40, ambako mmoja akinyamaza hakuna anayegundua.

Mwaka 2012 sauti ilikatika. Tulipiga Ijumaa hadi Jumapili, kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 9, na wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, drams na gitaa la solo vinatumeza kabisa. Nikawa napiga kelele nikidhani naimba. Nilikunywa tangawizi, asali, limau, na kitu fulani cha jirani ambacho sitaki kukikumbuka. Daktari wa koo akaniambia nyuzi za sauti zimevimba, ninyamaze wiki 2, na hata kunong'ona ni marufuku. Nikawa namwandikia mama kwenye karatasi, naye miwani yake haionekani kamwe, kwa hiyo nyumba nzima ikawa inaongea kwa mikono.

Nilipotulia ndipo nikaelewa kwamba tatizo halikuwa koo. Spika ya kujisikilizia jukwaani ilimwelekea mwimbaji kiongozi peke yake. Sisi huku nyuma tulijisikia kwa kubahatisha. Nilimbembeleza fundi mitambo mwezi mzima mpaka akatuletea spika moja ndogo, kuukuu. Kabla haijaja niliziba sikio moja kwa kidole, na sauti yangu niliisikia vizuri kichwani. Mashabiki wakadhani ni mbwembwe. Tangu hapo sauti haijakatika tena.

Studio nilianza kuitwa baadaye, kwa wasanii wa Bongo Fleva. Huko hakuna kushindana na drams. Unaimba mstari mmoja mara 4, prodyuza anazipeleka mbili kushoto, mbili kulia, kisha unaingia sauti ya juu yake unarudia tena. Vijana wengine wanataka uimbe mara moja wakopi. Haitoi unene ule, kwa sababu unene unatokana na tofauti ndogondogo za kila mara unapoimba. Mimi huomba niimbe zote.

Shida ya studio ilikuwa malipo. Unapewa taslimu mkononi, jina haliandikwi popote. Kuna wimbo uliopigwa harusini mwaka mzima, na mimi nilichopata ni nauli ya bajaji na chipsi mayai. Mwenzangu wa taarabu ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua hata anayeimba, si mtunzi tu. Nikanunua daftari. Naandika jina la wimbo, tarehe, sauti nilizoimba, malipo, na jina langu litakavyoandikwa. Tunasaini kabla sijavaa hedifoni.

Prodyuza wa kwanza kumpa daftari alicheka: "Dada, umekuja kuimba au kukopesha?" Akasaini lakini, kwa kuwa msanii alikuwa anasubiri na saa za studio zinakwenda. Siku hizi wananiuliza wenyewe daftari liko wapi. Kalamu nakuja nazo 2, moja huwa inabaki huko huko.