Video za mjomba na karatasi za kura za Leipzig

Mjomba wangu ana simu nzuri kuliko yangu na muda mwingi kuliko mimi, na vyote viwili anavitumia kunielimisha kuhusu bara ninaloishi. Nikiamka kujiandaa na zamu, kundi la WhatsApp la ukoo tayari lina video mpya kutoka kwake, ile yenye alama kwamba imesambazwa mara nyingi. Ulaya inaganda. Ulaya inalishwa wadudu kwa amri ya Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Ulaya imebakiza wiki chache. Mimi naishi Leipzig, mashariki ya Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mjomba hajawahi kufika Ulaya, ila tukibishana, mgeni wa Ulaya nageuka kuwa mimi.

Sitaki aonekane mjinga, maana si mjinga. Video anazotuma zimetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, na nyingi zina chembe ya ukweli ndani. Habari ya wadudu, kwa mfano: mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu aina moja ya funza waliokaushwa wauzwe kama chakula, kwa sharti kwamba pakiti ieleze wazi kilichomo. Ruhusa ya kuuza ikageuzwa amri ya kula. Hakuna zaidi ya hapo.

Ile ya hamsta ilinivutia zaidi. Ilitoka Desemba 2022, kazi ya RT, televisheni ya serikali ya Urusi inayotangaza nje. Familia ya Kizungu, Krismasi ya 2021: binti anapewa zawadi ya hamsta, kale kapanya ka kufugwa. Krismasi ya 2022: umeme hakuna, hamsta anakimbizwa kwenye gurudumu lake ili taa za mti ziwake. Krismasi ya 2023: watu wamejifunika makoti ndani ya nyumba, wanakunywa supu, na hamsta ndiye supu. Nilicheka kwelikweli. Halafu nikaitazama bili yangu ya kupasha nyumba joto, kicheko kikapungua.

Maana baridi ilikuwepo. Kabla ya vita vya Ukraine, zaidi ya asilimia 40 ya gesi ambayo Umoja wa Ulaya uliagiza ilitoka Urusi. Agosti 2022 bei yake sokoni ilipita euro 300 kwa megawati-saa moja, bei ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Hapa Ujerumani ofisi za umma ziliamriwa zisipashwe joto zaidi ya nyuzi 19, na minara na makumbusho yakazimiwa taa usiku. Wazee wetu hawakuguswa na amri ile, nyumba kama zetu na hospitali zilisamehewa, lakini wafanyakazi tulikuwa tukitoka kwenye joto la kazini kwenda kwenye vyumba vyetu tukavaa soksi mbilimbili. Kisha maghala ya gesi yakajazwa kabla ya majira ya baridi, meli zikaleta gesi ya kimiminika, Norwei ikaongeza yake, na bahati nayo ikasaidia, kwa sababu baridi ya mwaka ule haikuwa kali. Krismasi ya 2023 ikapita na hamsta wakiwa hai. Kitu ambacho video haikukitaja ni kwamba bomba la gesi la Nord Stream, kutoka Urusi hadi Ujerumani, lilifungwa na Gazprom, kampuni ya serikali ileile yenye RT. Anayekufungia bomba ndiye anayekutumia kichekesho kwamba huna gesi.

Nilimweleza mjomba yote hayo. Akajibu kwa kidole gumba, na kesho yake akatuma nyingine.

Sasa ifike ile iliyonifanya niandike. Siku chache kabla ya uchaguzi wa bunge wa tarehe 23 Februari 2025, zilianza kuzunguka video zinazoonyesha karatasi za kura za posta za Leipzig, mji wangu, na kwenye karatasi hizo chama cha AfD hakimo. AfD ndicho chama cha mrengo mkali wa kulia, kile kinachotaka watu wa aina yangu wapungue hapa. Ujumbe ulikuwa wazi: wakubwa wamekiondoa ili kisishinde. Manispaa ikatangaza kwamba karatasi hizo ni za kughushi, na idara za usalama zikazihusisha video hizo na mtandao wa Kirusi unaoitwa Storm-1516. Mjomba akanitumia. Chini yake akaandika, "Hiyo ndiyo demokrasia yenu, mwanangu?"

Kwa vile ilikuwa Leipzig, sikuona sababu ya kubishana kwa maneno. Wakati ule nilikuwa bado sijapata uraia, kwa hiyo kupiga kura sikuruhusiwa. Lakini sheria ya uchaguzi ya hapa inasema upigaji kura na kuhesabu ni mambo ya hadharani, na kila mtu anaweza kuingia kutazama. Haisemi kila raia. Inasema kila mtu. Saa kumi na mbili jioni, muda wa kupiga kura ulipokwisha, niliingia kwenye darasa la shule lililogeuzwa kituo, nikasalimia, nikasema nimekuja kuangalia. Mama mwenye miwani akanionyesha pa kusimama, akaendelea na kazi yake. Hakuniuliza kitambulisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima kuhusu haki yangu, ikabidi niimeze.

Sanduku lilimwagwa mezani. Waliokuwa wakihesabu ni watu wa mtaa tu, wamejitolea, wanapewa posho ndogo ya soda na mkate. Kura zikapangwa marundo kwa marundo, kila rundo likahesabiwa na mtu mmoja, likarudiwa na mwingine, idadi ikasomwa kwa sauti na kuandikwa. Palipotokea tofauti ya kura moja walianza upya, huku kijana mmoja akipumua kwa nguvu kama mtu anayetaka kwenda nyumbani. AfD ilikuwa kwenye karatasi, na rundo lake lilikuwa refu kuliko nilivyopenda. Kwa jimbo zima la Saxony ilipata asilimia 37.3. Kama kuna mtu aliiondoa kwenye karatasi, basi alifanya kazi mbovu sana. Kura za posta zinahesabiwa kwingine, nako milango haifungwi, na karatasi ni ileile.

Mjomba akasema, "Walikuonyesha walichotaka ukione."

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko video zote. Kwa sababu mjomba hampendi Putin, na hajawahi kuniambia kwamba Moscow ni peponi. Ukimwuliza kama angependa kuishi huko, anacheka. Anachoamini ni kwamba wote ni walewale: kura zinaibwa kila mahali, magazeti yote yamenunuliwa, na anayesema tofauti ama amelipwa ama ni mtoto. Kwa mtawala anayeiba kura, hilo linatosha kabisa. Hahitaji kupendwa na mjomba. Anahitaji mjomba aone kwamba kwenda kusimama darasani saa kumi na mbili jioni ni kupoteza muda.

Pale kazini nina bibi mmoja ambaye mwaka 1950 alikuwa mwanafunzi mdogo, katika nchi iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Ananisimulia jinsi walivyopelekwa mashambani na walimu, kila mtoto na chupa yake, kuokota mbawakawa wenye mistari wanaoshambulia viazi. Serikali ilitangaza kwamba wadudu hao wamemwagwa na ndege za Wamarekani ili kuwaua watu kwa njaa. Kulikuwa na mabango, kulikuwa na nyimbo. Ukweli ni kwamba mdudu yule alikuwa ameshaingia Ulaya kupitia Ufaransa tangu miaka ya 1920, akawa anasonga mashariki shamba kwa shamba, na baada ya vita dawa za kumwua hazikuwepo za kutosha. Nilimwuliza bibi kama waliamini. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. Wangemwuliza nani? Mwalimu alisema hivyo, redio ilisema hivyo, gazeti lilisema hivyo, na wote walikuwa na mwajiri mmoja.

Nchi hiyohiyo ilifanya uchaguzi wa serikali za mitaa tarehe 7 Mei 1989. Matokeo rasmi: asilimia 98.85 wameunga mkono orodha ya wagombea wa serikali. Safari hii kuna raia waliokwenda vituoni, Berlin Mashariki na kwingineko, wakasimama kimya wakati wa kuhesabu, wakaandika namba za kila kituo, usiku wakazijumlisha. Hesabu yao na ya serikali hazikukutana. Hawakuwa na televisheni wala silaha; walikuwa na kalamu. Kwa kweli ndio ninaowakumbuka ninapoisikia ile kanuni ya mlango wazi, maana bila shaka haikuandikwa kwa kujifurahisha. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo gazeti la hapa, Leipziger Volkszeitung, lilichapisha barua ya kamanda wa mgambo wa chama tawala aliyeahidi kuwazima waandamanaji wanaoipinga serikali, ikibidi kwa silaha mkononi. Siku tatu baadaye watu kama 70,000 waliingia barabarani Leipzig, na risasi haikupigwa. Mwezi uliofuata Ukuta wa Berlin ulifunguka.

Ile hoja ya mjomba yenye uzito ni nyingine, nayo haikutoka kwa RT ingawa RT wanaitumia vizuri sana. Anasema: hawa waliotupiga mijeledi ndio watufundishe haki za binadamu? Hapo sina cha kumficha. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Novemba 1950, na baadhi ya waliotia sahihi walikuwa bado wamekalia nchi za watu. Uingereza iliutia sahihi, kisha ikajenga kambi za kuwafungia Wakenya wakati wa Mau Mau. Vita vya Maji Maji, Wajerumani hapa wengi hawajawahi kuvisikia. Nimefanya jaribio hilo kwenye chumba cha chai mara kadhaa. Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, na hakwenda na fidia.

Lakini angalia kilichotokea kwa wazee wa Mau Mau. Waliishtaki serikali ya Uingereza ndani ya Uingereza, kwenye Mahakama Kuu ya London. Katika kesi hiyo ikabainika kwamba kulikuwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, kwa miaka mingi. Juni 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ni pesa kidogo ukiigawa, na wengi walishakufa. Huko Urusi, shirika la Memorial lilitumia miongo mitatu kukusanya majina ya waliouawa na kufungwa enzi za Stalin, na tarehe 28 Desemba 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru livunjwe. Mjomba anasema wote wana damu mikononi. Ni kweli. Ila mahakama moja ilifungua mafaili na nyingine ikalivunja shirika lililokuwa likiyafungua, na mimi nikiwa na kesi najua ningependa isikilizwe wapi.

Hii haimaanishi kwamba Ulaya imesafika. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya kinataja hadhi ya binadamu, uhuru, demokrasia, usawa, utawala wa sheria na haki za binadamu, pamoja na haki za walio wachache. Ni sentensi nzuri. Viktor Orbán, akiwa waziri mkuu wa Hungaria, alitangaza mwaka 2014, mchana kweupe, kwamba anajenga dola isiyofuata uliberali, na Bunge la Ulaya likangoja hadi Septemba 2018 kuanzisha utaratibu wa kumwajibisha. Miaka minne, na pesa za Brussels zikiendelea kuingia. Sijui kama kuna propaganda ya Kirusi iliyoichafua sentensi ile kuliko uzembe huo.

Kwenye mtihani wa uraia kuna maswali 310 ya kusoma, unaulizwa 33, ukipata 17 umefaulu. Swali la kwanza kabisa katika orodha linauliza kwa nini watu Ujerumani wanaweza kuisema serikali vibaya hadharani. Jibu: kwa sababu kuna uhuru wa maoni. Nilikuwa nalisoma wakati wa mapumziko huku mzee mmoja chumba cha pili akimtukana waziri mkuu kwenye taarifa ya habari, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, na kumalizia kila tusi kwa kulalamika kwamba siku hizi hakuna uhuru wa kusema. Aliendelea hadi chakula cha jioni. Nikamletea chai.

Juzi mjomba alipiga simu, safari hii bila video. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza: hao wenye rundo refu wakishinda siku moja, wewe utakwenda wapi? Ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Nilimwambia kuhusu kifungu cha 1 cha Katiba ya Ujerumani, kwamba hadhi ya binadamu haiguswi, na kuhusu kifungu cha 79 kinachozuia bunge lolote, hata likiwa na wingi gani, kukibadilisha kile cha kwanza. Nikamwambia kuhusu mahakama ya katiba iliyopo Karlsruhe. Akanyamaza, akasema, "Karatasi, mwanangu." Sikuwa na jibu la hapo.

Sasa nina uraia, na nimeandikisha jina langu manispaa niwe mmoja wa wanaohesabu kura. Nikipangiwa meza yenye rundo lao, nitalihesabu karatasi moja moja, nilirudie, na idadi yake niisome kwa sauti bila kupunguza hata moja.