Jumamosi ya elfu kumi na tano

Wiki ile darasani tulikuwa kwenye hesabu kubwa. Ilikuwa Januari 2017, na mimi nilikuwa nimekwenda Madison, Marekani, kwa mwaka mmoja kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tulikuwa tukisomea Van Hise, lile jengo refu la lugha, na wanafunzi wangu walikuwa wakihangaika na "elfu" na "mia". Binti mmoja aliyekuwa akikaa karibu na dirisha alikuwa akizigeuza kila mara: kumi na tano elfu, tatu mia. Kipindi kilipokwisha akabaki nyuma.

"Mwalimu, Jumamosi twende wote tukatazame magongo. Wasichana wetu wanacheza."

Magongo nayajua. Niliyacheza miaka minne nilipokuwa sekondari, kwenye kiwanja tulichokifyeka wenyewe alfajiri ya mechi, kwa magongo yaliyozungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli pale yalipopasuka. Watazamaji wetu walikuwa wapishi wa shule na watoto wa walimu. Siku ya fainali tuliambiwa tuanze saa mbili asubuhi tumalize haraka, wavulana wa mpira wa miguu wakifika wakute uwanja mtupu. Tulishinda fainali ile. Hakuna aliyekuja kuona isipokuwa mwalimu wetu wa michezo, naye alikuwa na haraka ya kukusanya koni.

Kwa hiyo nilikubali, ingawa ya barafuni sikuwahi kuyaona.

Timu ya wasichana wa Wisconsin huchezea uwanja wao mdogo, LaBahn, wenye viti 2,273. Lakini Jumamosi ile mechi yao na St. Cloud State, wageni kutoka Minnesota, ilihamishiwa Kohl Center, ukumbi mkubwa wa jirani, na watu wakaombwa waje waujaze. Tulifika na baridi imetubana mpaka masikioni. Mlangoni kulikuwa na foleni, na kwenye foleni kulikuwa na watoto wa kike wasiohesabika, wengine wamevaa fulana nyekundu za timu juu ya makoti, zimewafika magotini.

Tulipoketi, yule binti alitoa kitu mfukoni akaniwekea kiganjani. Kisahani cha mpira mweusi, kipana kama mdomo wa kikombe cha chai, kizito kuliko nilivyokitegemea, kinanuka tairi jipya. Hicho ndicho mpira wao, wanakiita paki. Aliniambia kabla ya mechi hukigandisha kwenye friza, maana kikipata joto hurukaruka.

Kisha wakatoka. Kwenye televisheni hutawahi kuisikia ile sauti: vyuma vya viatu vinavyokwangua barafu, kama visu kumi vinavyonolewa kwa pamoja. Wanacheza sita sita, mlinda mlango akiwemo, vipindi vitatu vya dakika ishirini, na kasi yao ni kubwa kiasi kwamba mchezaji hakai uwanjani hata dakika moja nzima. Anaruka ukuta, mwenzake anaingia, mpira hausimami. Kwa wanawake wa vyuo wakati ule haikuruhusiwa kumgonga mtu kwa mwili ili kumwondoa njiani, na aliyefanya hivyo aliwekwa kando dakika mbili, timu yake ikipungua mtu. Kwa hiyo unachokiona ni mikono, macho na miguu. Niliupenda mchezo palepale.

Bao la kwanza sikuliona. Paki ilipita katikati ya miguu, na nilichoona ni mikono ya wachezaji ikipanda juu na ukumbi mzima ukisimama. Binti alinishika bega akanionyesha ilikopita. Baada ya hapo nikajifunza kutazama magongo badala ya paki, na mchezo ukafunguka.

Mapumziko ya kwanza lilipita gari kubwa polepole, linamwaga maji ya moto juu ya barafu. Maji ya moto! Yanayeyusha kidogo ngozi ya juu, yakiganda tena yanashikana nayo, barafu inabaki kama kioo. Wakati huo ndipo aliponieleza habari zake. Alikulia kaskazini mwa jimbo, mji mdogo, hakukuwa na timu ya wasichana. Alicheza na wavulana, nywele amezisokota ndani ya kofia ngumu ili wapinzani wasimjue. Alipofika miaka kumi na miwili akaacha. "Mimi ni mkubwa kuliko timu hii, Mwalimu," alisema. Ni kweli, timu ile ilianza msimu wa 1999.

Kocha wao, Mark Johnson, ndiye aliyewafunga Wasovieti mabao mawili kwenye Olimpiki ya Februari 1980, Marekani iliposhinda 4-3. Nikamwambia binti kwamba mwaka huohuo Watanzania nao walicheza magongo ya majani kwenye Olimpiki ya Moscow, wakafungwa na India 18-0. Marehemu mjomba wangu alikuwa akiisimulia mechi ile kifua mbele. Alikuwa akisema, "Walifika."

Ilikuwa kipindi cha tatu idadi ya watazamaji ilipotangazwa na kuandikwa kwenye ubao mkubwa: 15,359. Hakuna mechi ya magongo ya barafuni ya wanawake wa vyuo vya Marekani iliyokuwa imepata watu wengi kiasi hicho. Kelele ziliendelea muda mrefu. Wachezaji waliokuwa benchi waliinua vichwa wakatazama ubao, kisha wakageuka kututazama sisi.

Binti hakupiga kelele. Alikuwa akiusoma ubao taratibu, midomo ikicheza, machozi yanamtiririka.

"Elfu kumi na tano, mia tatu na hamsini na tisa," alisema.

Hakukosea hata neno. Nilimshika mkono, na nikajikuta nami nalia, kwa ajili yake na kwa ajili ya wasichana kumi na mmoja wa saa mbili asubuhi.

Wisconsin walishinda 2-0. Machi ya mwaka huo wakafika fainali ya taifa wakafungwa na Clarkson 3-0, nayo niliumia kana kwamba ni shule yangu.

Usiku tulipoagana kituo cha basi alinirudishia paki kiganjani, akanikunja vidole juu yake. "Chukua, Mwalimu." Bado ninayo, juu ya rafu ya vitabu. Upande mmoja ina mkwaruzo mrefu. Alisema uliachwa na mwamba wa goli, siku aliyokosa bao akiwa na miaka kumi na moja.