Rimu za 18 kwenye Mark X
Wenye Toyota Mark X hapa Unguja, rimu za inchi 18 zinakaa vizuri, ila tairi iwe 235/45 (upana milimita 235, ubavu asilimia 45 ya upana huo). Kipenyo chake ni milimita 669 hivi, na tairi ya kiwandani ya inchi 16, 215/60R16, ni 664, kwa hiyo spidomita haipotoshi. Mkipewa 225/40 kataeni! Gari inashuka, na ubavu wake ni milimita 90 tu: shimo moja la njia ya shamba, rimu imepinda mdomo, tairi imevimba. Nati ni tano, kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Tundu la kati la rimu za dukani mara nyingi ni 73.1, habu ya Toyota (kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo) ni 60.1, bila ringi ya kuziba pengo hilo usukani unatetemeka mwendo ukipanda. Kabla hamjalipa, pakieni watu wanne, kateni usukani hadi mwisho, msikilize kama tairi inakwaruza madigadi.