Mgongo wa kabati usiuguse likiwa bado limesimama

Tumehama tena, na hii ni mara ya tatu nahama na kabati lile lile la nguo, la milango mitatu, zile za chipibodi zinazouzwa zikiwa kwenye boksi bapa unaenda kuziunga mwenyewe nyumbani. Mara ya kwanza nusura liniangukie. Nilikuwa peke yangu chumbani, nguo nimeshatoa, nikaona ule mgongo wa nyuma ni kajibao kembamba tu ka milimita 3 hivi kamepigiliwa vijimisumari, nikasema ngoja nianze na hapa maana ndo rahisi. Nikang'oa wee mpaka msumari wa mwisho, nikashika ubavu nianze kulegeza skrubu, kabati zima likaanza kulala upande, taratibu halafu kwa kasi, nikalikinga na bega huku naita mpaka mke wangu akaja mbio akadaka upande wa pili. Mtoto wetu alikuwa anacheza palepale dakika chache nyuma. Hilo ndo linaloniandikisha haya yote, maana bega lilipona baada ya wiki lakini ile picha ya mtoto kichwani haijatoka.

Kumbe kale kajibao ndo kanashikilia umbo la kabati. Mbavu, dari na sakafu yake vimeungwa kwenye pembe tu kwa vidude vidogo, na hivyo vidude vinazuia mbao zisiachane ila havina nguvu ya kuzuia kabati lisipinde kwenda kushoto au kulia, kazi hiyo ni ya mgongo. Ukiutoa kabati likiwa limesimama umebaki na fremu inayokunjika. Kwa hiyo unatoa droo, rafu na bomba la kutundikia nguo, unatoa milango, mnatandika blanketi sakafuni, mnalilaza kifudifudi mkiwa watu wawili, ndo sasa mgongo uguswe. Na kabla ya kulilaza angalia juu nyuma kama limefungwa ukutani, fungua ile kamba au bati mwishoni kabisa, mwenzako akiwa ameshalishika. Mkilibeba msishike ile mbao ya juu, shikeni mbavu, kwa chini.

Milango nayo ina utaratibu wake. Bawaba za siku hizi nyingi zina kiklipu nyuma, unakibonyeza bawaba inaachia bila kugusa skrubu hata moja, na anza na ya chini umalizie ya juu huku mtu kashika mlango, maana ukianza na ya juu uzito wote unaning'inia chini na kung'oa tundu. Mlango wenye kioo ubandike tepu ya karatasi kwa kukatiza pembe kwa pembe, haizuii kioo kupasuka ila kikipasuka vipande havikumwagikii miguuni, halafu ubebwe na kusafirishwa ukiwa wima, usilale.

Sasa tuje kwenye vile vyuma vya duara vilivyozama ndani ya mbao, vina alama ya kujumlisha au kutoa na mara nyingi kimshale, mafundi wengine wanaviita kamu. Hapa ndo watu wanaharibu fanicha. Kamu haifunguliwi kama skrubu, unaizungusha kinyume na saa kama nusu mzunguko tu, basi, mshale ukielekea kule bolti inakoingilia ujue imeachia. Ukiendelea kulazimisha unaivunja. Na mbao zikigoma kuachana usichukue nyundo, kuna kamu moja hujaifungua, mara nyingi imefichwa chini ya kifuniko cha plastiki cha rangi ileile ya mbao, itafute. Chipibodi ni chembe za mbao na gundi zilizoshindiliwa pamoja, ukiipasua kwenye tundu hairudi, tofauti na mbao halisi inayokuvumilia mara mbili tatu. Ndo maana mi natumia bisibisi ya mkono inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, na ule ufunguo wa pembe sita wa umbo la L uliokuja na boksi, drili naiacha kwenye begi.

Kuna kitanda pia lazima nikiseme kwa sababu watu hawakiogopi na ingebidi wakiogope, kile kinachoinuka na godoro kina stoo chini. Zile pistoni zake zina gesi iliyobanwa na zimepimwa kubeba uzito wa godoro, ukitoa godoro kisha ukalegeza kitu kitanda kikiwa kimefungwa, fremu inaruka juu kwa nguvu na vidole viko hapohapo. Kifungue mpaka mwisho kabisa, hapo pistoni imeshatanuka na msukumo uliobaki ni mdogo, mtu mwingine aishikilie fremu isishuke, ndo uchomoe pistoni moja moja, na pistoni yenyewe usiitoboe wala kujaribu kuifungua.

Halafu si kila kitu lazima kifunguliwe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1956 Gillis Lundgren, mbunifu wa IKEA, ile kampuni ya fanicha ya Uswidi, alitoa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, na wazo la fanicha za boksi bapa likashika hapo, na mpaka leo meza nyingi ukitoa miguu tu inatosha. Droo ziache zilivyo. Chochote ambacho vijiti vyake vya mbao vilitiwa gundi wakati wa kuunga kiache kizima hata kama kitakusumbua mlangoni, ukikivuta kitapasuka.

Skrubu za kila fanicha mfuko wake, jina juu, na mfuko usibandikwe kwenye mbao kwa selotepu ya nguvu maana itaondoka na ile ngozi ya juu. Piga picha kila hatua kabla ya kufungua, siyo baada, na andika herufi kwa penseli kwenye kingo zisizoonekana, ubavu wa kushoto na wa kulia vinafanana sana aisee.

Kule mnakohamia, skrubu inayorudi kwenye tundu lake la zamani izungushe kwanza kinyume taratibu mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake, ndo ukaze, la sivyo inachonga njia mpya na tundu linakwisha. Lililokwisha jaza vijiti vya meno na gundi ya mbao, subiri siku nzima ikauke. Kabla ya kupigilia mgongo pima kona kwa kona, juu kushoto hadi chini kulia na ile nyingine, vipimo vikilingana ndo pigilia, vikipishana lisukume kidogo upime tena. Kisha mlisimamishe, mlifunge kwenye ukuta kabla hata ya kurudisha milango, na nguo zisubiri.