Madumu Mangapi ya Maji?

Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, kwa hiyo safari ikiharibika lawama zingeniangukia mimi. Tuko sita, tulisoma chuo pamoja, na kila mwaka tunachanga kidogo kidogo hadi zipatikane za kututoa mjini. Tumeshakwenda Lushoto, tumekwenda Bagamoyo, mara moja tukafika Mikumi. Safari hii mwenzetu mmoja aliona picha ya kisiwa kidogo kusini mwa Mafia: mchanga mweupe, minazi michache, hakuna nyumba, hakuna mtu. Akaitupia kwenye kundi letu la wasapu na maneno matatu: "Twende tukalale huku." Haikupita saa moja, wanne wameshakubali. Siku tano kwenye mahema, Sabasaba ikiwa katikati.

Mimi sikukubali wala sikukataa. Nikawaambia nipeni wiki mbili.

Mjue kwamba mimi si mtu wa pwani. Nimezaliwa Kilosa, bahari nimeiona nikiwa na miaka kumi na tisa, na kuogelea kwangu ni kutapatapa mpaka miguu iguse chini. Nilikuwa naogopa, sifichi. Lakini nikisema "naogopa" kwenye kundi lile ningechekwa hadi Krismasi. Nilihitaji kitu cha kuonyesha kwenye karatasi.

Fedha hazikunisumbua sana. Wakala mmoja wa mjini alitutajia 780,000 kwa kichwa, "kila kitu ndani." Nikaomba mchanganuo. Ukaja ukurasa mmoja: ndege kwenda na kurudi, boti, mahema, mpishi, ada za hifadhi. Maji sikuyaona. Nilipouliza nikaambiwa maji yatakuwepo. Nikauliza, katoni ngapi? Kuanzia hapo simu zangu zikawa zinapokelewa kwa tabu.

Basi nikachukua kalamu. Mtu anayeshinda juani na kupika kwa moto wa kuni anahitaji kama lita tano kwa siku, na hapo anaoga maji ya chumvi na kujisuuza kwa kikombe. Lita tano, watu sita, siku tano: lita 150. Dumu la kawaida ni lita 20, kwa hiyo madumu manane, na hapo hata nahodha hajanywa. Kilo 150 za kubeba toka kwenye boti hadi juu ya ufuko, magoti yakiwa majini. Nikaituma hesabu hiyo kwenye kundi. Mmoja akajibu kwa picha ya mtu anayelala. Mwingine akasema kisiwani kuna madafu.

Nilifanya na jaribio. Nilimwomba binti mmoja katika hao sita tukalale hemani usiku mmoja kwenye ufuko wa Kigamboni, mahali penye mlinzi na choo. Usiku ule mmoja ulinifundisha kuliko video zote nilizotazama. Vigingi vya hema havishiki kwenye mchanga mkavu; upepo ukivuta kidogo vinachomoka kama njiti. Mlinzi ndiye aliyetuonyesha: jaza mchanga kwenye mfuko, funga kamba, uzike mfuko. Tena hema likifungwa zipu zote kuzuia mbu linageuka tanuri, na ukifungua, mchanga unalala na wewe. Saa tisa usiku mwenzangu aliniuliza, "Hivi hii mara tano?" Nikajua nimeshapata kura moja.

Lakini aliyeamua suala lile hasa alikuwa mzee mmoja wa Jibondo, kisiwa kidogo jirani na Mafia. Kazini kwetu kuna kijana ambaye mama yake ni mtu wa huko, na mjomba wa mama huyo amekuwa nahodha maisha yake yote. Jibondo wanajulikana kwa kuunda majahazi. Nikampigia mzee jioni, baada ya swala ya magharibi kama nilivyoelekezwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa mnataka kwenda dago."

Neno hilo lilinisimamisha. Sisi tulikuwa tunasema "kempingi", "adventure", sijui nini. Kwake yeye jambo hili lilikuwa na jina tangu zamani: wavuvi wanahamia kisiwani wiki kadhaa, wanajenga vibanda vya makuti, wanavua, wanakausha samaki, wanarudi. Ni dago. Na kwa kuwa ni kazi ya watu, ina taratibu zake.

"Mnakwenda tarehe ngapi?"

"Tarehe tano Julai, mzee."

"Sikuulizi ya kalenda. Mwezi ngapi?"

Nikababaika. Akacheka, akanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti yake inapita mita tatu. Kipindi hicho maji hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na asubuhi kwenye saa nne yamekupwa mpaka mwamba wote uko nje. Kisiwa kama kile kimezungukwa na mwamba. "Ukija saa nne na mizigo yako utaishusha juu ya mawe, utembee nusu saa na madumu kichwani. Na usiku ukipiga hema pabaya, alfajiri bahari itakuja kukuamsha." Sabasaba ya mwaka ule ilikuwa siku chache tu baada ya mwezi mpevu.

Akaendelea. Julai ni kusi, upepo wa kusini. Kusi huanza kushika mnamo Aprili, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenyewe. Upepo unatoka bahari kuu bila kizuizi na upande ule wa kusini wa Mafia uko wazi. Kwenda pengine mtakwenda. "Kurudi ndiko kuna mwenyewe." Nikauliza, tukikwama tutakwama siku ngapi? Akasema yeye amewahi kukwama sita.

Halafu akauliza swali ambalo nililitegemea, maana nalo ndilo langu: "Mtakunywa nini?"

Nikamwambia madumu manane, huku nikijisikia mjanja. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, sisi hapa Jibondo tuna msikiti, tuna shule, tuna watu vizazi na vizazi, na maji tamu hatuna. Tunafuata kwa chombo. Hayo manane yako ni ya siku tano. Ya siku ya sita yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kama safari inafaa au haifai. Nikamuuliza yeye angekwendaje.

Akanipa majibu manne au matano, nikayaandika nyuma ya risiti. Ngojeni maleleji, kusi likishalegea na kaskazi halijashika, Oktoba kuelekea Novemba. Nendeni siku ya nane au ya tisa tangu mwezi uandame, maji mafu, ambapo bahari haisogei mbali na chombo kinaingia bila ugomvi. Laleni siku mbili, na maji yawe ya siku moja zaidi. Siku nyingine laleni Juani au Chole, visiwa vya jirani penye visima na watu. Na mkifika kisiwani, kabla ya kushusha hata sufuria, nendeni mkawasalimie wenye dago.

"Mzee, picha inaonyesha hakuna mtu."

"Aliyepiga picha aliwapa mgongo."

Nilipoleta mapendekezo yangu kundini palichimbika. Kutoka siku tano hadi mbili? Kutoka Julai hadi Oktoba? Ndege ifutwe, tupande basi? Mmoja aliandika kwamba nimeiua safari na kuizika. Sikumjibu, nikatuma mchanganuo mpya, 310,000 kwa mtu, maji yakiwa mstari wa kwanza. Watatu wakajitoa na Sabasaba wakaenda zao Zanzibar, na kwa haki yote walifurahi, picha nimeziona. Tukabaki watatu: mimi, yule binti wa Kigamboni, na kaka mmoja ambaye nadhani alibaki kwa kuwa alishanunua hema.

Tukaondoka mwishoni mwa Oktoba. Basi toka Mbagala hadi Nyamisati, kisha boti kupita pembeni mwa mikoko ya delta ya Rufiji hadi Kilindoni, saa kadhaa za kutapika kwa zamu. Watu wa pale gatini walituambia papa potwe wameshaanza kuonekana karibu na mji, huo ndio msimu wao. Utende tukapita getini kwa Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania, tukalipa ada ya raia na kuomba ruhusa ya kulala kisiwani. Msiruke hatua hiyo.

Usiku wa kwanza tulilala Juani, kijijini. Jioni tukapelekwa kuona magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mizizi imeshika kuta kama vidole. Wazee wana hadithi ndefu ya kisasi kati ya Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, ya watoto na jahazi na chumba kilichozibwa wageni wakiwa ndani, ambayo siku nyingine nikipata nafasi nitaisimulia. Si hadithi ya kusikiliza kabla ya kulala hemani.

Mzee alituchukua mwenyewe, na kijana wake mmoja baharia. Watu watano, siku tatu, na siku moja ya akiba: madumu matano. Aliyahesabu kwa kuyagusa moja moja kabla hajang'oa nanga.

Dago lilikuwepo, vibanda vinne upande wa magharibi, kichanja cha samaki, moshi. Tukasalimia. Waliuliza tumetoka wapi, wakatuonyesha tukae upande wa pili chini ya mivinje, wakasema wao hawatapita huko alfajiri kwa kuwa kuna wanawake. Jioni wakatuletea samaki wawili, changu. Kaka wa hema akataka kulipa, nahodha akamkanyaga mguu.

Sasa, ilifaa? Nitasema ninavyoona mimi. Kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri kisiwa kile hakifai kwa lolote. Kivuli kinahama na wewe unahama nacho, ngozi inavuta kwa chumvi, wali una mchanga, na kaa wanakuja kukagua kila ulichodondosha. Kitabu nilichobeba sikukifungua. Choo ni jembe na heshima ya kwenda mbali. Siku ya pili mchana nilijua kabisa kwamba siku ya tatu ingekuwa adhabu, na ya tano tungerudi hatusemeshani.

Lakini usiku ule wa kwanza pale, mwezi ulizama kama saa saba. Niliamka kwa ukimya, kama mtu anavyoamshwa na kelele. Nikatoka, nikaingia majini hadi magotini, na kila nilipotikisa mguu maji yaliwaka, cheche za kijani zikikimbia toka kwangu. Nikamwamsha mwenzangu. Tulikaa pale tukichezea maji kama watoto wa chekechea hadi meno yakagongana. Kwa hilo peke yake ningelipa zile 310,000 tena. Zile 780,000, hapana.

Asubuhi ya kurudi ilikuwa tuondoke saa nne. Saa tatu wingu jeusi likajenga upande wa bara, vuli inaanza, na nahodha akasema tukae. Kaka wa hema alikuwa na basi la kuwahi na kazi Jumatatu; alimzungukia mzee mara tatu na simu isiyo na mtandao mkononi. Mzee akawa anashona tanga. Mvua ilipiga, bahari ikachafuka mbele ya macho yetu, na hapakuwa na haja ya kumwuliza mtu kitu. Tulichemsha chai kwa maji ya akiba. Tukaondoka saa tisa.

Tulipofika Juani na kuanza kushusha, nilikuta limebaki dumu moja zima na nusu ya jingine. Nikafungua lile la nusu nijimwagie miguu mchanga utoke. Mzee akaushika mkono wangu taratibu, akafunga kifuniko, akayarudisha yote mawili ndani ya chombo.

"Haya ya Jibondo," akasema, akaanza kusukuma mashua.