Jinsi nilivyopata sauti iliyosawazika kwenye gitaa langu la besi (uzi wa E ulikuwa unanguruma, uzi wa G hausikiki kabisa)

Mi napiga besi kwenye kwaya ya kanisa huku Morogoro, mwaka wa sita sasa, na kwa muda mrefu nilikuwa na tatizo moja la aibu kweli. Nikigusa uzi wa E (ule mnene, wa sauti ya chini kabisa) vioo vya madirisha vinalia, nikipanda uzi wa G (ule mwembamba, wa juu kabisa) natafutwa sipo. Jamaa wa mitambo kila wimbo mkono uko kwenye miksa, ananishusha ananipandisha, mwisho akachoka akaniacha chini moja kwa moja.

Mi nilijua tatizo ni yeye. Walionishtua ni waimbaji wa sauti ya nne, maana wao ndo wanaotegemea besi kushika noti, mmoja akaniambia baada ya mazoezi, "Kaka, kishindo tunakisikia ila noti hatuipati, sisi tutue wapi?" Hiyo iliniuma, nilienda nayo nyumbani.

Gitaa lenyewe ni la mtumba, nilinunua Kariakoo, ni kopi ya Jazz Bass ya kampuni ya Fender, lile lenye pikapu mbili (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi), volyumu mbili na toni moja. Nyumbani nikipiga peke yangu lilikuwa tamu mno, nimefungulia besi yote kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa), trebo, yaani sauti kali, juu, midi, yaani sauti za katikati, nimeua kabisa. Hapo ndo pa kwanza nilipokuwa najidanganya. Uzi wa E ukiachwa wazi unatoa hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde) na spika zetu za kanisani za inchi 12 huko chini hazifiki, zinachotoa ni mvumo tu, sikio linaijua noti kwa zile sauti za juu yake, 82, 123, na kuendelea hadi kwenye midi. Sasa mi midi nimeifuta, watu watasikia nini? Juu ya hapo mpiga kinanda wetu mkono wa kushoto naye anapiga besi, hachoki, basi huko chini tunasukumana kama daladala ya saa 12 jioni. (Tulikaa tukaongea, akakubali kupanda juu kidogo na mkono huo, japo akinogewa anasahau.)

Nikarudisha midi hadi kupita katikati kidogo kwenye kitufe, besi nikaishusha ikawa katikati. Peke yangu nyumbani sauti ikawa mbaya, ya pua pua, nikaichukia, lakini kwenye bendi ikaanza kusikika kama noti. Tangu hapo nimeacha kuseti sauti nikiwa peke yangu chumbani.

Ila G bado ilikuwa dhaifu. Hapo nikafanya kitu ambacho ningekifanya miaka mitatu nyuma, nikachukua simu nikarekodi, uzi kwa uzi, noti nane nane kwa nguvu ileile, halafu nikaangalia yale mawimbi kwenye programu ya kurekodia. E milima, A milima, D wastani, G vichuguu. Kwa hiyo shida ilikuwa inaanzia kwenye gitaa kabla hata ya miksa, jamaa wa watu nilimwonea bure.

Nikachukua rula ya shule na bisibisi. Njia yake ni hivi, unabana uzi kwenye freti (vile vichuma vya shingoni) ya mwisho kabisa halafu unapima kutoka chini ya uzi mpaka juu ya pikapu. Watu wengi huanzia kama milimita 3 upande wa E na 2 na ushee upande wa G. Yangu upande wa G ilikuwa zaidi ya 5! Nalegeza skrubu pikapu ipande, haipandi ng'o, nimelegeza hadi skrubu inacheza. Nikaifungua, kumbe chini kulikuwa na kipande cha sponji cha kuisukuma juu na kilishakufa, kimekuwa unga. Nikakata kipande cha malapa ya zamani ya mdogo wangu nikakiweka pale, nikafunga, pikapu ikapanda vizuri tu na hadi leo ni malapa hayohayo.

Halafu tamaa ikaniingia, nikaisogeza mno hadi karibu iguse nyuzi nikidhani ndo nguvu, aisee, noti za juu kwenye uzi wa E zikaanza kuyumba kama zina homa. Sumaku ya pikapu inauvuta uzi, usifanye hivyo. Nikashusha kidogo kidogo, robo mzunguko wa skrubu, narekodi, naangalia, tena robo. Jioni nzima.

Jambo jingine, ule uzi wa G ulikatika mwaka juzi nikaweka wa seti nyingine, chuma tofauti, unene tofauti, na hizo tatu zilizobaki nilikuwa nazichemsha kwenye sufuria zikichoka. Kuchemsha kunasaidia, uchafu unatoka sauti inang'aa siku kadhaa, halafu inarudi palepale. Nikajikaza nikanunua seti moja kamili, unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi).

Na mkono nao! Hili sikulipenda kulijua. Kwenye E naangusha mkono mzima, kwenye G napapasa tu. Nikaanza mazoezi ya metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo), polepole, nyuzi nne kwenda na kurudi, na nikajizoesha nikiwa E kusogeza mkono wa kupigia kidogo kuelekea daraja (nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa) ambako sauti ni kavu, nikiwa G nirudi kuelekea shingoni inenepe. Dakika 15 kila siku kama miezi miwili hivi. Kuhusu zile volyumu mbili, zikiwa zimefunguliwa zote mwisho ule muungurumo wa umeme unapotea, ila ukipunguza ya pikapu ya nyuma kidogo midi inatoka mbele, mi nakubali kelele kidogo ya umeme nipate midi.

Mwisho ampu nikaitoa kwenye kona, maana ukutani pale inaongezewa besi ya bure usiyoihitaji, nikaipandisha juu ya kiti iniangalie sikioni. Jumapili hiyo jamaa wa mitambo hakunigusa ibada nzima, nilikuwa namchungulia.

Kitu kimoja kimenishinda. Uzi wa G freti ya 5, yaani C, noti inatoka halafu inakufa hapohapo, ni mbao za shingo zinaimeza, gitaa nyingi za aina hii ziko hivyo karibu na hapo. Sasa na nyimbo zetu nusu ziko C. Dawa yangu ni kuipiga C hiyohiyo kwenye uzi wa D freti ya 10, mkono unapanda mbio katikati ya wimbo, na akina mama wa sauti ya kwanza wanapiga vigelegele wakidhani naonyesha ufundi.