Siku moja maishani mwangu: stata inazunguka, lori haliwaki

Saa 12:40 asubuhi. Simu inaita kabla sijafunga kamba za viatu. Dereva wa lori, mtu mzima, sauti imemkauka: "Fundi, inapiga stata vizuri tu lakini haiwaki." Namuuliza kitu kimoja, moshi unatoka kwenye ekzosti? Kimya. Hajaangalia. Karibu wote hawaangalii, maana macho yanakuwa kwenye dashibodi na mkono kwenye ufunguo. Nikamwambia aache kupiga stata mpaka nifike, asije akaniongezea na kazi ya betri.

Saa 2:00. Nimefika na kijana ninayemfundisha kazi. Lori ni la zamani, silinda 6 za mstari, volti 24, pampu kubwa ya kusukuma dizeli kwa presha nayo ya mstari, kompyuta hakuna. Limelala usiku kucha kwenye mwinuko, kichwa kikiwa juu. Hilo nililiona, sikulipa uzito. Ningelipa uzito, leo ningeandika habari fupi zaidi.

Betri kwanza. Bila kuwasha, volti 24.8. Stata ikizunguka, 20.6. Si mbaya, na sikio linakubali: mzunguko ni wa haraka, haukokoti. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inaikamua hewa mara 16 au 17 hadi joto linapita nyuzi 500, ndipo dizeli inayopuliziwa ndani inashika moto yenyewe. Stata ikizembea, hewa inapenya kwenye ringi za pistoni na joto linaishia kwenye chuma, hata uwe na dizeli safi kiasi gani.

Kijana akapiga stata, mimi nyuma nikiangalia ekzosti. Hakuna kitu. Hata uzi wa moshi.

Hapo nusu ya kazi imeisha. Ungetoka moshi mweupe, ningejua dizeli inafika ila haiungui, nianze kufikiria joto, kompresheni (kule kukamuliwa kwa hewa) au taimingi (wakati dizeli inapopuliziwa). Bila moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye nozeli, vile vinavyoipuliza ndani ya silinda. Dereva akaniuliza kama si plagi za hita, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha. Nikamwambia, mzee, injini hii haina plagi za hita tangu izaliwe.

Nikapitia waya wa kuzimia. Malori haya huzimwa kwa kuvuta kitasa, na waya ukikwama, mkono wa pampu unabaki upande wa kuzima, halafu watu wanafungua injini bure. Huu ulikuwa unarudi hadi mwisho. Dakika moja, tukasonga.

Saa 2:40. Nimelegeza skrubu ya kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye dizeli, juu ya filta kubwa, kijana anasukuma pampu ya mkono. Likatoka povu, jeupe kama la sabuni ya kufulia. Akasukuma mpaka kidole gumba kikamuuma, povu likawa vipovu, vipovu vikawa dizeli tupu. Nikafunga, tukahamia skrubu ya pampu kubwa, kisha nikalegeza nati za paipu tatu za nozeli nusu mzunguko na kupiga stata hadi dizeli ikaanza kuruka kwa mapigo.

Hapa huwa mkali kwa vijana. Nozeli za injini hizi hufunguka kwenye baa 200 hivi, na paipu ikivuja ikiwa imekazwa, usipapase kwa mkono. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi, tundu linaonekana dogo kama la sindano, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Chukua kipande cha boksi, pitisha hapo.

Saa 3:05. Nati zimekazwa. Stata. Lori likakohoa, likatoa moshi mweupe, likagonga gonga, likawaka. Dereva akapiga makofi. Kijana akaanza kufuta spana.

"Rudisha chini," nikamwambia. Upepo hauingii kwenye dizeli kwa bahati mbaya, una mlango wake, na mlango huo hatujauona.

Saa 3:16. Mzunguko ukapanda, ukashuka, lori likazima.

Saa 4:00. Mabishano. Dereva yuko kwenye simu na tajiri wake, na tajiri anataka pampu kubwa ing'olewe ikapimwe. Mpita njia mmoja, sijui katokea wapi, kaja na kopo la etha, dawa ya kupuliza inayoshika moto upesi, nipulize kwenye filta ya hewa. Nilikataa. Etha inashika moto mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, na inaweza kuvunja ringi au pistoni yenyewe. Na hata ikiwasha, itatuletea dizeli isiyokuwapo?

Nikaomba tajiri anipe saa moja tu.

Saa 4:30. Dumu la lita 20, dizeli safi ndani, nimelifunga nyuma ya kabini juu kuliko injini. Mpira wangu unatoka kwenye dumu moja kwa moja hadi pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini. Tangi la lori nimelitenga kabisa. Tukatoa upepo, tukawasha. Lori likanguruma dakika 40 bila kuyumba.

Ninaipenda sana njia hii, ni mahakama ya haraka. Pampu kubwa imeachiwa huru, filta kubwa na nozeli pia. Mshitakiwa mkuu yuko kati ya tangi na pampu ndogo, mita chache tu za paipu. Tajiri akanyamaza kuhusu kung'oa pampu.

Nikamuuliza dereva lini lori lilianza kusumbua. "Kama wiki mbili hivi, asubuhi asubuhi, linachelewa kidogo." Wiki mbili! Na tangi limebaki robo. Dizeli ikiwa chini, pampu ndogo inavuta kwa nguvu zaidi, na lori likilala kichwa juu, dizeli ya kwenye paipu inarudi tangini usiku, nafasi yake inachukuliwa na hewa. Sasa ule mwinuko ukanirudia kichwani.

Saa 6:00 mchana. Nimerudisha paipu ya tangi na kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ndogo. Vipovu vinapita kama shanga.

Hapa nilipoteza saa nzima. Filta ya kutenganisha maji, iliyo kati ya tangi na pampu ndogo, ilibadilishwa wiki mbili zilizopita, kwa hiyo nikaishikilia hiyo. Nikaifungua, nikaweka raba mpya, nikaipaka dizeli, nikaifunga. Vipovu vile vile. Ilikuwa tarehe tu imeoana.

Tatizo la upande wa kuvuta ni kwamba hauvuji. Utapita na tochi, utapapasa kila kiungio, kukavu kote, kwa sababu injini ikiwaka hapo panaingia hewa, hapatoki dizeli. Basi nikageuza mambo. Nikaichomoa paipu tangini, nikaziba upande wa pampu ndogo, nikasukuma hewa kidogo sana kwa pampu ya baiskeli, kijana akipaka povu la sabuni kila kiungio.

Saa 8:20. "Fundi, njoo uone."

Chini ya chesisi, nyuma ya kishikio cha waya, pale paipu ya chuma inapoungana na mpira: kipovu kimoja kinavimba, kinapasuka, kinavimba tena. Nilipotoa klipu na kuukunja mpira ukafunguka mdomo, mpasuko mwembamba kama unywele, umejificha chini ya klipu yenyewe. Mpira ulikuwa mgumu kama plastiki. Walipobadilisha filta nadhani waliuvuta, ukapasuka.

Saa 9:00. Mpira mpya, wa dizeli. Wa maji unalainika na kuvimba ndani, usijaribu. Klipu mpya, upepo umetolewa, lori limewaka, mpira wa kuonyesha hauna hata kipovu. Nikauondoa, maana si kitu cha kuachwa njiani.

Halafu tukalizima na kuliegesha pale pale kwenye mwinuko, kichwa juu. Dereva alitaka kuondoka. Nikamwomba asubiri.

Saa 11:10 jioni. Amekaa kwenye usukani, mimi nyuma kwenye ekzosti. Stata haikumaliza hata sekunde mbili.

Aliuomba ule mpira wa zamani. Akaufunga kwenye gazeti, akauweka juu ya dashibodi, akamwonyeshe tajiri.